Saa Kumi na Sita za Trekta

Kuna swali moja ambalo nimelibeba tangu nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Nililibeba chuo kikuu, nikalibeba katika madarasa na ofisi zote nilizopangiwa, na mwezi uliopita, nilipokabidhi funguo za ofisi ya mwisho, nililirudisha nyumbani likiwa zima kama lilivyokuwa. Swali lenyewe ni hili: mtu akipima jambo kwa usahihi, akaamua kwa usahihi, kisha gharama ikalipwa na mtu mwingine ambaye hakuulizwa, je, aliamua sawa? Nimefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka ishirini. Hesabu hunijibu kwamba ndiyo. Mimi sijawahi kuitikia.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumamosi, katika klabu ya wakulima wa kizungu mjini Nakuru, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilitoka nyumbani Bahati alfajiri, nimevaa suruali ya khaki ambayo Mama aliipiga pasi ya makaa, viatu nimevishika mkononi ili vifike vikiwa safi. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, na Meja, mwenye shamba ambako baba yangu aliendesha trekta, alikuwa ameniandikia karatasi ya kuniombea kazi. Wakati wa Hali ya Hatari Mwafrika hakuingia mjini bila karatasi. Mimi nilikuwa nazo tatu: ya ruhusa ya kusafiri, ya kodi, na hiyo ya Meja, ambayo askari wa kizuizi cha barabarani aliisoma kwa heshima kuliko zile mbili za serikali.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Katibu wa klabu, Mgoa mnene, wa asili ya Uhindi lakini aliyezaliwa Mombasa, ambaye Kiswahili chake kilinifanya nione aibu ya changu. Aliniangalia kuanzia viatu hadi nywele.

"Wajua kucheza dadu?"

"Hapana, bwana."

"Vyema. Ajuaye dadu hucheza, asiyejua huandika. Wewe utaandika."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa karani wa michezo. Vijana wa siku hizi hawajui kwamba kulikuwa na kazi kama hiyo, nami siwalaumu, kwa maana imekufa pamoja na waliotuajiri. Wanachama walikuja mjini Jumatano na Jumamosi kwa ajili ya mnada wa mifugo na benki. Wakila chakula cha mchana, waliketi ukumbini kuanzia saa nane, na kufikia saa kumi na moja walikuwa wameondoka, kwa kuwa nyakati zile hakuna aliyependa kukutwa na giza njiani. Katika saa hizo tatu walicheza bakgamoni, nami niliketi kwenye kiti kirefu kando ya meza, penseli sikioni, nikiandika nani amepata na nani amepoteza.

Bakgamoni ni mchezo wa ubao wenye pembe nyembamba ishirini na nne zilizochorwa kwa rangi mbili. Kila upande una kete kumi na tano. Unarusha dadu mbili, unazizungusha kete zako hadi robo yako ya mwisho ya ubao, kisha unaanza kuzitoa. Anayemaliza kuzitoa zote ndiye mshindi. Huo ni mchezo wa watu wawili. Wanachama wetu, hata hivyo, walikuwa wanne kila mara, na hakuna mkulima aliyetoka kilomita arobaini ili kutazama wenzake wakicheza. Basi walicheza namna ya watu wengi, ambayo waliiita shueti.

Katika shueti mtu mmoja huwapinga wengine wote. Huyo mmoja huitwa mwenye sanduku, na kiti chake ndicho sanduku lenyewe. Wanaompinga ni timu, na mmoja wao ni kapteni: yeye ndiye anayerusha dadu na kusogeza kete, ilhali wenzake wakimnong'oneza ushauri, au wakimzomea. Mwenye sanduku akishinda, analipwa na kila mmoja wa timu, naye anabaki katika sanduku. Kapteni anakwenda mwisho wa foleni na anayefuata anashika ukapteni. Mwenye sanduku akishindwa, anamlipa kila mmoja, anakwenda mwisho wa foleni, na kapteni anaingia katika sanduku. Kwa hiyo mtu katika sanduku hupata mara tatu au hupoteza mara tatu. Niliwaona wanaume waliopigana vita viwili wakikausha viganja kwenye suruali zao kabla ya kukaa katika kiti kile.

Kisha ipo dadu ya kuzidisha, ambayo ilitaka kunifukuzisha kazi siku ileile ya kwanza. Ni dadu kubwa isiyorushwa. Nyuso zake zina namba mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, na sitini na nne. Mchezo huanza kwa thamani ya moja. Yeyote anayeona mambo yanamwendea vizuri anaweza kumwambia mpinzani, "Nazidisha," na kuigeuza dadu ionyeshe mbili. Mpinzani ana njia mbili: kukataa, alipe thamani ya zamani na mchezo uishe, au kukubali, mchezo uendelee kwa thamani mpya na dadu ile iwe mali yake, ili yeye tu awe na haki ya kuzidisha tena. Lakini dadu hiyo haina uso wa moja. Mwanzoni mwa mchezo, kwa kukosa moja, huwekwa katikati ya meza ikionyesha sitini na nne.

Mimi nilikuja na macho mazuri na ujinga mzima. Mchezo wa kwanza uliisha bila mtu kuzidisha, nikatazama dadu, nikaandika mbele ya jina la mwanachama mmoja, Daktari wa Mifugo: amepoteza sitini na nne. Katibu alipopita kukagua karatasi, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bwana mdogo," akasema taratibu, "Daktari amechanja ng'ombe wa Kenya nzima kwa mchezo mmoja?"

Nieleze maana ya maneno hayo, kwa sababu ndipo ilipo habari yangu. Kamati ya klabu ilikuwa imepiga marufuku fedha mezani baada ya ugomvi fulani ambao sikuwahi kuelezwa wote. Wakulima waliitii amri hiyo kwa namna yao: waliweka dau la saa za trekta. Pointi moja ilikuwa saa moja ya trekta, pamoja na mafuta na dereva, katika shamba la aliyeshinda. Daktari, ambaye hakuwa na trekta, alilipa kwa kuchanja ng'ombe kumi kwa kila saa. Mwanachama mwingine, aliyelima pareto, maua ya dawa ya wadudu, juu kwenye nyanda za Mau na ambaye sisi watumishi tulimwita Bwana Pareto, alilipa kwa safari za lori. Karatasi yangu ilikuwa na safu nne, moja kwa kila mchezaji, na kila mstari ulipaswa kujumlishwa ukawa sifuri: alichopata mmoja kilikuwa kimepotezwa na wengine. Kama mwenye sanduku alishinda kwa thamani ya nne, nilimwandikia kumi na mbili, na kila mmoja wa wale watatu nikamkata nne. Aliyeshindwa kabla ya kutoa hata kete moja alikatwa mara mbili. Hiyo waliiita gamoni. Katibu alisema sifuri ndiye bosi wangu wa kweli, yeye alikuwa msaidizi wake tu.

Madereva wa trekta hawakuwa na safu katika karatasi ile.

Nilifanya kazi hiyo mwaka mmoja, nikilala katika vyumba vya watumishi nyuma ya klabu, kisha nikaazimwa kwa miezi mitatu kwenda Gilgil, katika bwalo la maofisa wa jeshi, ambao walitaka mtu wa kuwaandikia michezo wakati wa mashindano yao. Mkuu wangu huko alikuwa Sajini wa Bwalo, mtu wa Nyanza, mrefu, mpole, aliyekuwa amefika Burma vitani. Maofisa walicheza kwa pupa na kwa kelele, na siku nyingi waliitwa kazini mchezo ukiwa nusu, wakaniacha na ubao mtupu. Katika upweke huo nilianza kuzirusha dadu mwenyewe na kuandika zilichotoa.

"Unatafuta nini, Karani?" Sajini aliniuliza.

"Natafuta kama zina tabia, afande."

"Hata mke wangu nimemtafuta tabia miaka kumi, na yeye anaongea."

Dadu hazikuwa na tabia, lakini zilikuwa na idadi. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna thelathini na sita, wala si zaidi. Kwa kuzihesabu namna hizo niligundua kanuni ambayo baadaye niliikuta vitabuni, nikasikitika kidogo kwamba haikuwa yangu. Ukizidishiwa, jiulize kama una angalau nafasi moja kati ya nne za kushinda. Chukua michezo minne yenye thamani ya moja. Ukikataa yote, umepoteza nne. Ukikubali yote, unacheza kwa thamani ya mbili: unapoteza mitatu, yaani sita, unashinda mmoja, yaani mbili, hasara yako ni nne vilevile. Basi penye robo, kukataa na kukubali ni ndugu pacha. Pakizidi robo, ni makosa kukataa, hata kama utashindwa mara nyingi kuliko kushinda. Wakulima wetu hawakujua hivyo. Wao waliangalia tu nani yuko mbele, wakakataa kwa hasira au wakakubali kwa kiburi.

Niliporudi Nakuru nilikuwa na siri tamu kifuani. Niliwatazama wakikosea, nikaandika makosa yao kwa mwandiko mzuri.

Palikuwa na desturi moja katika klabu yetu ambayo sijaisikia kwingine. Simu ilikuwa moja, katika ofisi ya Katibu, na mkulima akiitwa simu kutoka shambani aliweza kukaa huko nusu saa nzima akisubiri laini. Mchezo haukumsubiri. Mtu wa timu akiitwa, aliiacha nafasi yake kwa karani. Karani hakugusa kete wala hakutoa ushauri. Kazi yake ilikuwa moja tu: mwenye sanduku akizidisha, aseme kwa niaba ya aliyeondoka kama anakubali au anakataa. Kila mmoja wa timu alijiamulia mwenyewe. Aliyekataa alilipa na kunyamaza, aliyekubali aliendelea. Katibu ndiye aliyeianzisha desturi hiyo. "Karani," alipenda kuwaambia, "hana ng'ombe wala shamba katika mchezo huu. Ndiye mtu wa haki kuliko nyote."

Sasa nieleze kuhusu shamba ambalo nilidhaniwa sina.

Katika shamba la Meja, kila familia ya wafanyakazi ilikuwa na kipande chake cha kulima chini, karibu na mto. Kila mwaka kabla ya mvua za masika Meja alitoa trekta siku mbili, saa nane kila siku, ilime vipande vyote. Ilikuwa saa kumi na sita kamili. Vipande vilikuwa saba, na cha Mama kilikuwa cha mwisho kabisa. Siku hizo mbili zilikuwa zawadi, si haki, hazikuandikwa popote. Na Meja alikuwa na tabia ambayo Baba aliijua vizuri: akipoteza saa klabuni, hakuzitoa katika ngano yake. Mwaka uliotangulia alipoteza saa nne, na vipande viwili vya mwisho vikabaki na magugu.

"Huyo Bwana akishinda, anashinda peke yake," Baba alisema jioni moja akinawa grisi mikononi. "Akishindwa, tunashindwa wote."

"Basi mwombe ashinde," Mama akamjibu.

"Kwani nani yuko karibu na hiyo meza? Mwambie kijana wako amwombee."

Walicheka. Mimi pia nilicheka.

Ilikuwa Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tatu. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Menengai tangu asubuhi, na trekta ilikuwa iende kwenye vipande siku ya Ijumaa na Jumamosi. Katika sanduku alikuwa Mwenyekiti wa klabu, mkulima wa ngano mwenye trekta tatu na ndevu nyekundu. Kapteni alikuwa Daktari. Nyuma yake Meja, kisha Bwana Pareto. Ulikuwa mchezo wa vichaa. Timu ilizidisha, Mwenyekiti akarudisha hadi nne, timu ikarudisha hadi nane. Sijawahi kuona saa nane kwa kila kichwa katika mchezo mmoja. Ndipo mtumishi akaja kusema kwamba Meja anaitwa simu.

Meja alisimama akatafuta kiko chake mifukoni. Kiswahili chake kilikuwa kile cha walowezi, kisicho na viungo.

"Karani, mimi nakwenda. Wewe shika nafasi yangu. Kama huyu mzee nazidisha, wewe naamua. Akili yako, saa yangu."

Nikaitikia, "Ndiyo, Bwana."

Walitoa kete haraka haraka. Timu ikabakiwa na kete moja tu, ambayo dadu yoyote ingeitoa. Mwenyekiti alibakiwa na mbili, moja kwenye pembe ya tatu na nyingine kwenye pembe ya pili kutoka mwisho wa ubao, na zamu ilikuwa yake. Akizitoa zote mbili kwa mrusho mmoja, ameshinda. Akiacha hata moja, ameshindwa. Aliichukua dadu ya kuzidisha kwa vidole viwili, akaigeuza hadi kumi na sita, akaisukuma upande wa timu.

"Hapana," Daktari akasema papo hapo. "Mimi nimetoka. Saa nane zinatosha kuniua."

"Na mimi," Bwana Pareto akasema.

Wote wakanigeukia. Mwenyekiti akatabasamu ndani ya ndevu zake. "Haya, Karani. Meja nasema nini?"

Nilizitazama zile kete. Kuna jambo moja tu ambalo lingemzuia: moja. Dadu yoyote kati ya zile mbili ikitoa moja, kete itabaki. Isipotoa moja, zote zinatoka, hata kwa mbili mbili, kwani dadu zikifanana husogezwa mara nne. Nilikwishahesabu Gilgil: kati ya namna thelathini na sita, zenye moja ndani yake ni kumi na moja. Robo ya thelathini na sita ni tisa. Kumi na moja ni zaidi ya tisa. Hapakuwa na shaka hata kidogo. Kukataa kungekuwa kosa, na wale wawili walikuwa wamelifanya mbele ya macho yangu.

Nisiwadanganye kwamba niliwasahau wazazi wangu. Niliwakumbuka vizuri. Nilijua kwamba nikikataa, saa nane zimekwenda, lakini saa nane zimebaki: Ijumaa yote, labda vipande vitatu au vinne, na Baba angeweza kuanzia chini badala ya juu. Nilijua kwamba nikikubali na Mwenyekiti asitoe moja, hakuna hata kipande kimoja. Na nilijua kwamba nikishinda, Meja angekuwa na trekta ya ziada siku mbili, na pengine moyo wake ungekuwa mweupe. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Lakini juu ya yote hayo palikuwa na ile namba, kumi na moja, imesimama safi, na watu watatu wenye mashamba wakinisubiri niseme. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Nilitaka walione.

"Meja anakubali," nikasema.

Mwenyekiti alirusha. Dadu ya kwanza ilisimama mara moja: tano. Ya pili ilizunguka kwenye pembe yake, ikagonga ukingo wa ubao, ikalala. Mbili.

Aliokota kete zake mbili akaziweka nje, polepole, moja baada ya nyingine. Mimi nikachukua penseli sikioni. Mwenyekiti, thelathini na mbili. Daktari, toa nane. Bwana Pareto, toa nane. Meja, toa kumi na sita. Jumla sifuri. Niliandika kwa mwandiko uleule mzuri, na hilo ndilo ninaloona haya nalo hadi leo.

Meja aliporudi aliitazama karatasi akakunja uso. "Karani, wewe nafanya nini na saa yangu?"

Niligeuza karatasi, nikamchorea zile namna thelathini na sita, nikazungushia duara zenye moja. Alizihesabu kwa shina la kiko. Akazihesabu tena. Kisha akacheka, akawaonyesha wenzake.

"Angalia! Huyu kijana nafanya sawa. Nyinyi wawili nakimbia kama kuku. Mzuri, Karani. Mimi pia nakubali." Akalitundika koti begani. "Ijumaa baba yako napeleka trekta kwa Mwenyekiti. Ijumaa na Jumamosi."

"Na vile vipande, Bwana?"

"Vipande gani?" Akafikiri. "Oh. Wana jembe, si ndiyo?"

Katibu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Wiki iliyofuata aliniita ofisini. Alikuwa na rafiki katika idara ya elimu, na alikuwa amemwandikia barua kwamba klabu ina karani anayejua kupima jambo mbele ya wakubwa bila kuyumba, na kwamba ni hasara kumwacha akiandika dadu. Barua hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango wa masomo zaidi, na masomo hayo chuo kikuu, na chuo kikuu kazi zote zilizofuata: mwalimu wa hesabu kule Olenguruone, ambako baridi iligandisha wino, mwalimu mkuu, kisha mkaguzi wa shule, chini ya afisa wa elimu aliyependa kusema, "Ripoti bila namba ni porojo." Nilikuwa mtu wa namba, nikapandishwa cheo kwa ajili ya namba. Ukifuata uzi huo nyuma hadi mwanzo wake, unafika kwenye meza ile.

Upande wa pili wa uzi niliuona mwezi wa tano, nilipopata likizo. Baba alikuwa amepeleka trekta kwa Mwenyekiti siku mbili. Wanawake saba wa vipande saba walikuwa wamelima kwa jembe, wakisaidiana kipande kwa kipande, mvua ikiwanyeshea. Kipande cha Mama kilifikiwa mwisho, nusu yake tu, na mahindi yake yalikuwa yamefika magotini wakati ya wengine yalifika kiunoni. Alinionyesha viganja vyake kama mtu anayeonyesha kitu alichonunua. Mwaka ule nilituma unga nyumbani kila mwezi hadi mavuno, na kila mara alishukuru kwa kunibariki. Alimlaumu Meja. Sikumwambia lolote.

Nimekuwa na maisha mema, na sitaki msomaji adhani ninaandika haya kwa majonzi. Nilipenda kazi zangu zote, hata ile ya penseli sikioni. Ninachowaambia vijana wanaoingia kazini ni kwamba ujuzi ni kitu kizuri, na utamu wa kuwa sahihi mbele ya wakubwa ni mkali kuliko pombe. Lakini kabla hujasema "anakubali" kwa niaba ya mtu, angalia karatasi yako uone nani hana safu. Hata hivyo, nikiisha kuandika ushauri huo, ninauona mwepesi. Nikiwekwa tena mbele ya kete zile mbili, kumi na moja ingali zaidi ya tisa.

Baba alifariki miaka sita iliyopita. Mama yupo, anaishi kwenye ekari tano tulizogawiwa hapa Bahati baada ya uhuru, nami nimejenga kando yake. Wiki iliyopita nilikodi trekta ilime shamba lote, lakini yeye alimzuia dereva kwenye kona ya chini, akasema hapo atalima mwenyewe. Jana tulipokuwa tukinywa chai alianza kusimulia, kama afanyavyo kila masika, habari ya mwaka ule wa jembe na uroho wa Meja. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikaweka kikombe chini, nikaamua kwamba kesho nitamwambia.

Leo asubuhi nilimkuta kona ya chini, gauni amelikunja kiunoni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia simu hadi ile mbili. Hakuacha kulima mpaka nilipomaliza.

"Kwa hivyo si Meja," akasema.

"Meja alikuwa kwa simu, Mama. Ni mimi."

"Na ulihesabu."

"Nilihesabu. Hesabu ilikuwa sawa."

"Ulihesabu nini?"

"Dadu."

"Na migongo?" Alijiinua, akashika kiuno. "Tulikuwa wanawake saba. Hiyo ungehesabu hata bila shule."

Alinitazama, kisha uso wake ukaanza kulegea, nikaona kwamba anajizuia kucheka.

"Miaka yote hiyo nimemlaani mzungu wa watu bure."

"Si bure kabisa, Mama. Yeye ndiye alisema tuna jembe."

"Basi nusu ni yake." Akafikiri. "Ilikuwa masaa ngapi?"

"Kumi na sita."

"Jembe ya baba yako iko nyuma ya mlango. Na ukiitwa simu, usiniachie mimi."

Nikaenda kulichukua. Mpini wake ulikuwa mweusi mahali ambapo mikono ya Baba ilishika. Niliporudi, Mama alikuwa amekaa juu ya debe kivulini, miguu ameinyoosha, amevua saa niliyomnunulia Krismasi na kuiweka juu ya goti.

"Anzia pale chini," akasema. "Leo karani ni mimi."